Vidole, Damu na Jinsia: Niliyoyaona Maabara

Miezi michache iliyopita shule anayosoma mjukuu wangu iliwaita wazazi na walezi wamsikilize kijana mmoja aliyekuja na kompyuta mpakato na kifaa cha kuchukulia alama za vidole. Karatasi aliyotugawia ilidai kwamba mistari ya vidole vya mtoto, ikisomwa pamoja na kundi lake la damu na jinsia yake, huonyesha kipaji alichozaliwa nacho. Msichana mwenye vitanzi vingi vidoleni na damu ya kundi A alipangiwa ualimu, uuguzi na kazi za huruma. Mvulana mwenye vitanzi vile vile na damu ile ile alipangiwa uongozi. Bei ilikuwa shilingi elfu thelathini kwa mtoto, na foleni ilifika mlangoni.

Nilimsubiri apumue kidogo, nikamfuata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiki kipimo chenu mmekitoa wapi?"

"Hii ni sayansi, mama. Inaitwa dematoglifiki."

Hapo hakudanganya. Elimu hiyo ipo, na jina hilo lilibuniwa mwaka 1926 na Harold Cummins, mwanaanatomia wa Marekani aliyetumia maisha yake kuchunguza mistari ya viganja na nyayo. Madaktari huitumia hadi leo: mtoto mwenye sindromu ya Down mara nyingi huwa na mkunjo mmoja unaokata kiganja chote, ingawa mkunjo huo wanao pia watu wengi wazima wa afya, na hakuna daktari anayempa mtoto jina la ugonjwa kwa kuangalia kiganja peke yake. Kilichonikera ni pale kijana alipojumlisha vitu vitatu, kidole, damu na jinsia, akatoa jibu moja. Hesabu hiyo niliwahi kuifanya mwenyewe, kwa wino na sindano, kabla yeye hajazaliwa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, nikiwa mwanafunzi wa maabara. Mwaka wa mwisho kila kikundi kilitakiwa kufanya utafiti mdogo na kuutetea mbele ya walimu. Kikundi chetu kiliangukiwa na swali hili: je, aina ya alama za vidole inahusiana na kundi la damu na jinsia? Ni swali linalopendwa na vyuo visivyo na fedha, na bado tafiti zake hutoka kwa wingi, hasa India na Nigeria, kwa sababu halihitaji mashine yoyote ya maana. Sisi tulikuwa na kidau cha wino wa mihuri, kipande cha kioo, karatasi nyeupe, lenzi ya kukuzia, na vichupa vitatu vya kupimia damu: anti-A ya bluu, anti-B ya njano, na anti-D isiyo na rangi, inayoonyesha kama damu ni Rh chanya au hasi.

Kuchukua alama nzuri ya kidole ni kazi ya mkono mtulivu. Unapaka wino kwenye kioo mpaka uwe mwembamba, unalaza kidole cha mwenzako ubavu, unakiviringisha mara moja kutoka ukingo mmoja wa ukucha hadi mwingine, bila kukandamiza. Ukirudia, mistari inapandana. Akikusaidia kwa kusukuma, na kila mtu hutaka kusaidia, umeharibikiwa. Tulikuwa tukiwaambia watazame dirishani na wauache mkono ulegee kabisa.

Kisha unakaa na lenzi. Kitanzi ni pale mistari inapoingia upande mmoja wa kidole, ikapinda, ikatokea upande ule ule ilikoingilia. Mzunguko ni pale inapokizingira kiini katikati. Tao huingia upande huu, hupanda kidogo, hutokea upande wa pili. Ukichukua watu wengi, kwa kawaida vitanzi huwa karibu asilimia 60 hadi 65 ya vidole vyote, mizunguko 30 hadi 35, na matao kama 5 tu. Namba hizi zishike, kwa sababu zinaeleza nusu ya miujiza ya kijana wa kompyuta: kwa kuwa vitanzi ndivyo vingi, karibu kundi lolote la watu utakalolipima litakuwa la watu wa vitanzi. Ukisema wanawake wana vitanzi vingi, ni kweli. Wanaume pia. Wenye kundi O pia. Wapiga ngoma pia.

Jedwali letu lilipokamilika, mwenzetu mmoja aliyependa namba alikuja bwenini akikimbia. Wenye damu ya AB walikuwa na mizunguko kupita watu wote! Tuliandika ugunduzi huo kwa herufi kubwa, tukaupeleka kwa mwalimu. Alisoma kimya, akauliza, "Hawa AB ni wangapi?"

Tukamwambia.

"Hao wanaenea kwenye benchi moja," alisema. "Mmoja wao angeugua siku ya kupima, ugunduzi wenu ungekufa."

Akachukua chaki. Aina 3 za alama, makundi 4 ya damu, Rh chanya au hasi, jinsia 2, vidole 10. Akazidisha ubaoni: visanduku 480. Halafu akatueleza jambo ambalo nimelitumia kazini kuliko karibu chochote nilichofundishwa. Kwa desturi ya watafiti, tokeo huhesabiwa kuwa na maana kama uwezekano wa kutokea kwa bahati tu ni chini ya 1 kati ya 20. Basi ukifungua visanduku 20 visivyo na kitu, tarajia kimoja kikuonyeshe kitu. Ukifungua 480, utarudi nyumbani na mzigo. Ndiyo maana utafiti mmoja unasema mizunguko ni ya kundi B, wa pili unasema ni ya AB, wa tatu hauoni chochote, na zote tatu zimechapishwa.

Jibu lenye nguvu zaidi halikutoka kwenye jedwali. Darasa la nyuma yetu lilikuwa na pacha wa kufanana, kurwa na doto, wasichana ambao hata mlinzi wa geti alikuwa akiwasalimia kwa jina la mmoja tu. Tuliwapima siku moja, mezani pamoja. Jinsia moja. Kundi la damu moja, Rh moja, kama ilivyotarajiwa, maana walitokana na yai moja. Tulipoviweka vidole gumba vyao chini ya lenzi, cha kurwa kilikuwa na mzunguko uliokamilika, na cha doto kilikuwa na kitanzi kirefu kilichoinamia upande wa kidole kidogo.

"Kumbe!" doto alisema, akiutazama mkono wake kana kwamba ameazimwa. "Sasa wakitukamata watajua nani aliyeiba."

Kama jinsia na kundi la damu ndivyo vingekuwa vinachora kidole, wale wawili wangechorwa sawasawa. Mara nyingi pacha wa namna hiyo hukaribiana sana kwa aina ya alama, kuonyesha kwamba urithi una mkono wake; lakini hata pale wote wanapokuwa na vitanzi, mistari midogo ndani yake haifanani.

Sababu yake sasa inajulikana vizuri zaidi kuliko tulipokuwa wanafunzi. Kundi la damu la ABO huamuliwa na jeni moja iliyo kwenye kromosomu ya 9. Rh iko kwenye kromosomu ya 1. Jinsia iko kwenye X na Y. Hizo ni kromosomu tofauti, na kila moja hurithiwa kwa njia yake bila kumwuliza mwenzake. Kidole ni habari nyingine. Karibu wiki ya 10 ya mimba, ncha za vidole vya kijusi huwa zimevimba vijipande laini vya nyama, na ngozi iliyo juu yake huanza kujikunja. Kijipande kikiwa kirefu na cha duara, mara nyingi hutoka mzunguko; kikiwa bapa, tao; kikiegemea upande, kitanzi. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walionyesha kwamba mistari huanzia sehemu zaidi ya moja ya ncha ya kidole na kusambaa, kama viwimbi vya mawe yaliyotupwa bwawani, na pale viwimbi vinapokutana ndipo umbo la mwisho linapopatikana. Jeni nyingi zinashiriki, hasa zile zinazojenga mikono na miguu. Halafu kuna tumbo lenyewe: mtoto alivyolala, kidole kilivyokua haraka au polepole. Kabla ya mwezi wa sita kwisha, kazi imekamilika na haibadiliki tena mpaka kaburini.

Hamu ya kusoma aina ya mtu kwenye kidole ni kongwe kuliko chuo changu. Mwingereza Francis Galton, aliyechapisha kitabu chake kuhusu alama za vidole mwaka 1892, ndiye huyo huyo aliyekuwa ameanzisha fikra za kuboresha kizazi cha binadamu kwa kuchagua nani azae. Alitamani sana vidole vimtofautishie watu. Alilinganisha Waingereza, Wawelisi, Wayahudi, Wabaski na Waafrika. Wanafunzi wa sanaa na wa sayansi, vibarua wa mashambani, na watu wenye ulemavu wa akili waliowekwa hospitalini. Hakuona alama ya kabila wala ya akili, na kwa heshima yake alilisema hilo waziwazi. Mtu aliyetaka jibu kuliko wote alilikosa, na bado kuna anayeliuza shuleni kwa elfu thelathini.

Upande wa damu nao una soko lake. Japani, tangu mwalimu Takeji Furukawa alipoandika mwaka 1927 kwamba tabia hufuata kundi la damu, watu huulizana kundi hata wanapochumbiana. Uchambuzi wa zaidi ya watu 10,000 wa Japani na Marekani uliochapishwa mwaka 2014 haukuona uhusiano wowote wa maana. Hapa kwetu hutumiwa jumbe za simu zinazosema O ni jasiri na A ni mwoga. Sipingi kwamba kundi la damu lina uzito wake. Wenye O hawafikii malaria kali kwa urahisi kama wenye A na B, kwa sababu chembe nyekundu zilizoingiliwa na vimelea hazigandamani sana katika damu yao. Huo ni uhusiano wa kweli, una njia yake inayoelezeka, na hata hivyo mwenye O asiyelala ndani ya chandarua ataugua kama wengine.

Nilipoajiriwa nilipangiwa benki ya damu, katika hospitali ya mkoa mmoja. Huko ndiko nilikojifunza damu na jinsia vinakutana wapi hasa.

Usiku mmoja aliletwa mama aliyekuwa akivuja damu baada ya kujifungua. Shemeji zake watatu walijitolea, na mmoja damu yake ilikubali. Mama mkwe akanifuata dirishani, mikono imekaza kanga.

"Mwanangu, damu ya mwanamume si itamgeuza tabia? Si ataota ndevu?"

"Hapana, mama. Njoo uone."

Nikamwonyesha lebo ya mfuko: namba, kundi, Rh, tarehe ya kuchukuliwa, tarehe ya kuisha. Hapakuwa na mahali pa kuandika kama aliyetoa ni mwanamume au mwanamke. Alisoma polepole, kidole kikipita kila mstari, akauliza kama damu ya mwanamke nayo yaweza kupewa mwanamume. Nikamwambia ndiyo, kila siku. Akasema basi na yeye apimwe, na nikamshukuru, ingawa umri ulikuwa umempita.

Tofauti ya jinsia kwenye kuchangia iko kwingine. Mwanamume huruhusiwa kuchangia kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya minne, kwa sababu mwanamke hupoteza madini ya chuma kwa hedhi na uzazi. Ni suala la akiba ya mwili, na kundi la damu halihusiki.

Lakini kuna mgonjwa mwingine ambaye sijamsahau. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, ameshazaa mtoto mmoja mzima, kisha mimba mbili zikaharibika moja baada ya nyingine. Wifi zake walikuwa wamekata shauri kwamba ana mkosi, na tayari ilikuwa ikitajwa habari ya mume kuoa mke wa pili. Alikuwa Rh hasi. Kokote alikokuwa amehudhuria kliniki, hakuna aliyekuwa amempima. Mambo huenda hivi: mama wa Rh hasi akibeba mtoto wa Rh chanya, damu ya mtoto huweza kuingia kwa mama wakati wa kujifungua; mwili wa mama huiona kuwa ngeni na kutengeneza kingamwili. Mtoto wa kwanza mara nyingi husalimika. Anayefuata, akiwa Rh chanya, ndiye anayeshambuliwa chembe zake nyekundu akiwa bado tumboni. Dawa ya kuzuia, sindano ya anti-D inayotolewa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua, ipo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwake ilikuwa imechelewa, kwa sababu kingamwili zikishatengenezwa sindano hiyo haizifuti.

Watu wa Rh hasi ni wachache katika Afrika Mashariki, wachache kuliko Ulaya ambako hufika kama 15 kati ya 100, na uchache huo ndio huwafanya wasahaulike. Mwanamume wa Rh hasi anaweza kuishi hadi uzee asijue wala asidhurike. Mwanamke anaweza kuzika watoto. Nikisikia mtu anazungumzia uhusiano wa damu na jinsia, ndiye huyo binti anayenijia akilini.

Na vidole je, havina tofauti ya jinsia kabisa? Ipo, ila iliyo wazi zaidi haiko kwenye maumbo. Askari mmoja wa upelelezi aliyezoea kuja kufuata majibu aliniuliza kama alama iliyoachwa dirishani inaweza kusema mwizi ni mke au mume. Wanawake kwa kawaida wana mistari myembamba iliyosongamana zaidi. Mwaka 1999 Mmarekani Mark Acree alihesabu mistari ndani ya mraba wa milimita 5 kwa 5: ikiwa 12 au zaidi, huenda ni mwanamke, 11 au pungufu, huenda ni mwanamume. Hiyo "huenda" ndiyo ya kuangaliwa. Ni kipimo kilichofanywa kwa watu wa kwao, nacho ni cha kuelekeza upelelezi, si cha kumfunga mtu. Nilipomweleza hivyo, askari alisikitika kidogo. Alitaka ndiyo au hapana.

Tofauti kubwa zaidi niliyowahi kuiona mwenyewe kati ya vidole vya kike na vya kiume haikutoka kwa Mungu wala kwenye kromosomu. Mwishoni mwa 2019, nchi nzima ilipokuwa ikikimbilia kusajili laini za simu kwa alama za vidole kabla ya kuzimwa Januari 20, 2020, nilimsindikiza mama yangu mdogo kwenye kibanda cha wakala, pwani ya Tanga. Maisha yake yote ya utu uzima amelima mwani. Maji ya bamvua yakipwa, wanawake hushuka baharini, huinama saa nzima na zaidi wakifunga mbegu kwenye kamba, mikono ndani ya chumvi, kamba ikisugua ncha za vidole. Nyumbani kuna kufua, kuosha vyombo, kukuna nazi.

"Futa mkono, bibi. Bonyeza tena," kijana wa wakala alimwambia.

Akafuta kwenye kanga, akabonyeza. Kifaa kikakataa. Gumba la kulia, gumba la kushoto, shahada, vyote. Wavuvi waliokuwa nyuma yetu walipita mmoja mmoja na kuondoka na laini zao.

"Vidole vyangu nimeviacha baharini," mama mdogo alisema, na kibanda kizima kikacheka isipokuwa yeye.

Nilivitazama kwa lenzi ya miwani yangu. Mistari ilikuwepo, imelala, imelainika, imekatwakatwa na michubuko midogo myeupe. Nilimshauri asiingie majini siku kadhaa na apake mafuta usiku. Tuliporudi kilikubali kidole cha pete. Siwezi kusema wanaume hawapatwi na hayo. Mafundi wa ujenzi na wachimba mawe wanayajua. Ila mwanamke huanza na mistari myembamba kuliko ya mwanamume, kisha tunampa kazi za maji na sabuni na chumvi, halafu mashine inamwambia hayupo. Mtafiti kijana anayetaka mada ya vidole na jinsia aende akahesabu hao. Kuna kazi ya maana hapo, na haihitaji visanduku 480.

Kwa mzazi au mlezi anayesoma haya nina ombi moja. Mpeleke binti yako akapimwe kundi la damu na Rh kabla hajafikia umri wa kuzaa. Tone moja la damu linatosha, na majibu hutoka kabla hujamaliza soda. Yaandikwe mahali ambapo hayatapotea, na akishika mimba yahamie kwenye kadi ya kliniki tangu hudhurio la kwanza. Akiwa Rh hasi, aulize sindano ya anti-D mapema, asisubiri siku ya uchungu, kwa sababu si kila kituo huiweka, na saa 72 hupita haraka.